Pindo la Kushoto

Nakiri: nilikuwa upande wa daktari.
Yeye alikuwa na chati, koti jeupe, saa ukutani.
Bogna alikuwa na utepe wa kupimia shingoni
na pini tatu mdomoni, hivyo maneno yake
yalitoka yamebanwa.

"Mguu wa kushoto," alisema. "Umepungua."
Tymek alikuwa amesimama juu ya meza ya cherehani,
miaka miwili na nusu, mwepesi kama koti lisilo na mtu,
na suruali iliyokatwa sawa kwa mkasi uleule
upande mmoja ilifagia meza.
Nikasema: hajasimama vizuri.

Kliniki ya Bałuty, theluji nje imegeuka tope.
Daktari Lasota aliweka nukta kwenye chati
chini kabisa, chini ya mstari wa mwisho,
pale ambapo karatasi haina tena la kusema.
Akamtazama Bogna kutoka utosini hadi viatuni,
safari fupi, akacheka kwa upole:
"Mama mfupi, mtoto mfupi. Mpikie tu. Ale."

Ale!
Kana kwamba kijiko hakikuwa kimegeuka ndege,
kikageuka treni, mwishowe kikageuka ombi.
Supu ilipoa. Viazi vikapoa. Sisi tukapoa.

Usiku jasho lilimtoka. Januari, dirisha limeota barafu,
na mto wake umelowa kana kwamba umeanikwa mvuani.
Bogna aliamka saa tisa bila kengele,
akamnyanyua, akamnywesha uji wa shayiri usingizini.
"Unamdekeza," nilisema. "Daktari kasema alale."
Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu.
Na mimi je, nilikuwa nani mle ndani?
Dereva wa tramu.
Huenda pale tu reli zinapokwenda.

Usiku mmoja wa Februari nilimshika mkono: leo mwache.
Aliniachia dakika ishirini.
Nilizihesabu baadaye, siyo wakati ule.
Kisha akaenda, akaniita kwa sauti nisiyoijua.
Mtoto baridi, midomo ya majivu,
macho nusu wazi, hayanioni.
Kipimo cha sukari cha mama yangu, cha droo ya jikoni,
kikasoma thelathini na nane.
Bogna tayari alikuwa na asali kidoleni,
anamsugua fizi, analirudia jina lake,
na mimi nimesimama na kile kimashine
kama mtu aliyekabidhiwa hati ya deni lake.

Warszawa, theluji imekwisha. Daktari kijana, mafua yamemshika,
hakufungua faili. Aliuliza: "Mama, umeona nini?"
Bogna akafungua kopo la biskuti.
Mlikuwa na vipande vya pindo,
kila alichokipunguza mguu wa kushoto:
buluu, kahawia, ile pajama ya dubu,
kila kimoja na tarehe yake kwa uzi mwekundu.
Akavipanga mezani, cha zamani kwanza,
na kadiri alivyopanga vilizidi upana.

Daktari alivaa miwani. Alinyamaza, akapenga kamasi.
Kisha akatupa jina, refu,
la madaktari wawili wa zamani walioungwa kwa kistari.
Hakuna dawa ya kulifuta, alisema. Yapo ya kufanya.
Sijawahi kushukuru jina kiasi kile.

Sisemi Bogna hakosei. Mwaka jana aliapa ni sikio;
lilikuwa jino.

Siku hizi saa tisa naamka mimi, kabla ya zamu.
Uji, na kijiko ambacho hakijifanyi ndege.
Tymek ana miaka sita, anakifikia kitasa kwa shida.
"Baba, mguu huu ulifika mapema," huniambia.
"Huu bado uko njiani."

Jana nilimwambia Bogna: kikohozi chake kimebadilika.
Kimebadilikaje? Sijui.
Sijui nimejuaje.
Alizitoa pini mdomoni, moja, nyingine, nyingine,
akachukua koti.
"Twende."